Tarumbeta, Sinema na Televisheni: Jinsi Vijana wa Busia na Tororo Walivyoitwa Jeshini

Mwaka 1902 ulileta mambo mawili katika nchi iliyo baina ya Mlima Elgon na Ziwa Viktoria. Tarehe 1 Januari, Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, wakaunda jeshi moja lililoitwa King's African Rifles, ambalo kwa ulimi wa wenyeji likawa Keya. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishwa ukawa sehemu ya himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Msamia aliyeishi ng'ambo ya mashariki alilala Uganda, akaamka katika nchi nyingine bila kuhamisha hata chungu.

Mpaka na jeshi, basi, ni pacha. Wasamia na Wateso waligawanywa, watoto wa ukoo mmoja wakahesabiwa na serikali mbili. Jeshi lilipowahitaji, huyu aliingizwa katika kikosi cha Uganda na yule katika kikosi cha Kenya. Mwaka 1944 vikosi hivyo, cha 4 cha Uganda na cha 11 cha Kenya, vilikuwa pamoja katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vikipigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Ndugu msomaji, leo ningependa kuuliza jambo ambalo vitabu vyetu vya historia hulipita haraka. Kijana wa Busia au Tororo alifikaje huko? Nani alimwita, kwa maneno gani, na alionyeshwa nini kabla ya kukubali?

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jibu ni fupi: hakuitwa, alichukuliwa. Jeshi la Waingereza lililomfukuza von Lettow-Vorbeck katika Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikuwa na bunduki za kutosha, lakini halikuwa na miguu. Malori yalikwama, nyumbu na farasi waliuawa na mbung'o, ikabidi kila gunia la unga libebwe kichwani. Hapo ndipo ilipoundwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi, ambalo jina lake limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 1917 uandikishaji wa nguvu ulienezwa kotekote nchini Kenya chini ya usimamizi wa John Ainsworth. Chifu alipewa idadi ya watu, naye akaitimiza. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa.

Katika hayo yote hakukuwa na tangazo la kuvutia, na sababu yake ni ya msingi katika hoja yangu. Tangazo huelekezwa kwa mtu anayeweza kukataa. Mpagazi wa mwaka 1917 hakuwa na nafasi ya kukataa, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kumpamba wala kumsifia sare. Mwanafunzi wa lugha atauona upesi ushahidi huo katika vitenzi: simulizi za vita vile zimejaa kauli ya kutendwa. Walikamatwa, walifungwa, walipelekwa, walihesabiwa.

Sifa zilikuja baadaye, wakati wengi wa waliostahili kuzisikia walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 1928 ilizinduliwa Nairobi sanamu ya mashujaa wa vita ambayo ipo hata leo katika barabara ya Kenyatta Avenue, na maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno ya kumalizia yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Maana yake ni kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimewapeleka wanafunzi pale mara moja, nikawaambia watafute majina. Hayapo. Wapagazi wengi waliokufa hawakuandikwa kaburini wala ukutani, na haikuwa bahati mbaya: waliopewa kazi ya kuwakumbuka wafu wa himaya waliamua kwamba Waafrika hao hawahitaji mawe yenye majina. Mwezi Aprili 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo. Ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Hata hivyo sentensi ile ya Kipling ilikuwa na kazi ya pili. Kisarufi ina sharti na ahadi: ukipigana, utakumbukwa. Mtendewa wa sentensi hiyo ni msomaji aliye hai, mwenye umri wa kwenda vitani na anayetamani watoto. Sanamu ya wafu iliwasemesha vijana, nao wangehitajika tena upesi.

Vita vya Pili vilipoanza Septemba 1939, serikali ilikuwa imejifunza. Kulazimisha watu hakukukoma, maana sheria za wakati wa vita zilimwezesha gavana kuwaandikisha watu kwa kazi za kijeshi, na machifu waliendelea kuletewa hesabu. Lakini jeshi la safari hii lilihitaji madereva, mafundi wa redio, makarani, wauguzi na wapiga mizinga. Mtu aliyeburutwa kwa kamba huwezi kumkabidhi lori ukalala usingizi. Ilibidi baadhi ya vijana waje kwa hiari, tena wale waliosoma kidogo. Kwa mara ya kwanza kijana wa mpakani akawa mtu wa kushawishiwa.

Gazeti la kila wiki la Kiswahili, Baraza, lilianzishwa Nairobi mwaka huohuo wa 1939, na habari za vita zilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Gazeti, lakini, humfikia anayesoma. Kwa waliobaki, yaani wengi, kuliundwa kitu ambacho kwangu ndicho babu wa tangazo la televisheni katika nchi zetu: kikosi cha propaganda cha kuhamahama cha Kamandi ya Afrika Mashariki. Kiliongozwa na Mwingereza kijana, Alec Dickson, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30 vita vilipoanza. (Wasomaji wa Ulaya huenda wanamjua kwa jambo jingine: mwaka 1958 alianzisha VSO, shirika la kujitolea lililoleta walimu wengi katika shule zetu.) Askari wake walichaguliwa kutoka makabila mbalimbali, wakasafiri kwa malori kutoka wilaya hadi wilaya, na popote walipofika waliandaa maonyesho.

Hebu tuyatazame maonyesho hayo kwa makini, kwa sababu kila kipande kilifikiriwa. Yalikuwapo gwaride na kwata. Yalikuwapo mazoezi ya viungo, vijana wenye misuli wakiruka na kujipinda pamoja kama mwili mmoja. Silaha zilionyeshwa na kuelezwa. Kulikuwa na igizo, na usiku ulipoingia, sinema. Askari mwenyewe ndiye aliyesema na umati, si bwana shauri, na mara nyingi lugha yake ilikuwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho wenyewe walikiita Kikeya: kifupi, chenye amri nyingi na viambishi vichache. Mtazamaji aliyeacha jembe lake asubuhi aliona mtu wa rangi yake akiendesha mashine, akivaa viatu, akizungumza bila kuinama. Dickson mwenyewe alieleza kazi hiyo katika jarida la African Affairs mwaka 1945. Uandikishaji haukuwa lengo pekee. Kikosi kilitakiwa pia kuwatuliza wazazi kuhusu watoto wao walioko mbali, na kuwahimiza wanaobaki walime zaidi. Lakini hadhira ya onyesho la namna hiyo haihitaji takwimu. Mbele kabisa, wameketi chini, ni watoto. Nyuma yao wavulana waliobaleghe juzi. Wazee husimama pembeni, na wanawake husimama mbali zaidi, wakihesabu.

Onyesho hili lilipandwa katika udongo uliokwisha kulimwa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, ngoma ya beni ilikuwa imeenea kutoka pwani hadi bara, vijana wakiiga bendi za kijeshi, sare na vyeo, wakipandishana kuwa majenerali na manahodha wa mtaani. Vijana walikuwa wamelichukua gwaride wakalifanya mchezo wao wenyewe, pengine na mzaha ndani yake. Kikosi cha propaganda kililirudisha gwaride lilikotoka.

Sinema nayo ilitengenezwa kwa nia. Colonial Film Unit iliundwa London mwaka 1939 ili kuwaeleza watu wa makoloni habari za vita, chini ya William Sellers, aliyeamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha isipokuwa ikienda polepole na kwa urahisi. Dharau hiyo iache hapo ilipo. Linalotuhusu ni kwamba picha zilionyesha viwanda, meli na watu wa Uingereza wakiishi kwa utaratibu, ili mtazamaji aone kwamba upande huu hauwezi kushindwa.

Sasa tuangalie yasiyoonyeshwa. Kijana hakuonyeshwa kwamba vyeo vya uofisa vilikuwa vya Wazungu, wala kwamba mshahara ulifuata rangi. Hakuonyeshwa bahari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama katika muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, yaani wale hasa ambao jeshi liliwataka kwa elimu na wepesi wao. Safari hii majina yaliandikwa: yapo katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Niseme kweli, hayo ni maendeleo.

Wakenya karibu 98,000 na Waganda zaidi ya 75,000 walitumika katika vita hivyo. Waliorudi mpakani walishuka garimoshi Tororo, kituo ambacho tangu mwisho wa miaka ya 1920 ndicho njia panda ya reli ya kwenda Mbale na Soroti, wakatembea hadi vijijini wakiwa na koti la jeshi na ujuzi wa kuendesha lori lisilokuwapo. Upande wa Kenya waliona jambo lililowauma zaidi. Baada ya vita vile vya kwanza, serikali iliwagawia mashamba askari wa Kizungu kwa mpango wa mwaka 1919. Baada ya vita vya pili ikawaandalia Wazungu mashamba tena. Askari Mwafrika hakupata shamba. Ahadi yake ilikuwa ya jina, si ya ardhi.

Jambo moja la kando kwa wanaojifunza lugha hii wakiwa Uganda. Ukizungumza Kiswahili sokoni Busia, hakuna atakayegeuka. Nenda kilomita chache magharibi ya Tororo, na mzee fulani anaweza kukuangalia kwa wasiwasi. Hakuchukii. Kwa miaka mingi lugha hii ilimfikia kupitia kinywa cha askari, kwanza wa Keya, kisha wa serikali zilizofuata, na sentensi zake zilikuwa amri. Ni moja ya matokeo ya historia hii ambayo hayakupangwa na yeyote.

Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, pamoja na bendera. Keya ikavunjwa, majeshi ya taifa yakazaliwa, na mnamo Januari 1964 askari wa Dar es Salaam, Jinja na Lanet wakaasi mmoja baada ya mwingine katika wiki moja wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Miaka iliyofuata iliifanya skrini kuwa uwanja wa gwaride. Antena ya Busia hushika stesheni za nchi mbili, kwa hiyo mtoto wa hapa hupata sherehe mara mbili: tarehe 9 Oktoba majirani, tarehe 12 Desemba sisi. Ongeza gwaride la makuruta wanaohitimu Eldoret, linalohudhuriwa na Rais na kuonyeshwa moja kwa moja.

Ajabu ni kwamba tangazo rasmi la jeshi la Kenya ni kavu mno. Linasema umri ni miaka 18 hadi 26, kimo kisipungue mita 1.60, uandikishaji ni bure, na atakayetoa au kupokea hongo atashtakiwa. Halisifu chochote. Haliombi. Halihitaji kuomba, kwa sababu siku ya zoezi vijana hujaa uwanjani tangu alfajiri wakiwa na vyeti mkononi, na kati ya mamia wanaochukuliwa ni wachache. Ukosefu wa ajira umefanya kazi ya Dickson bila lori. Lakini picha ndiyo iliyoandaa njia. Niliwahi kuwapa kidato cha tatu insha yenye mada "Kazi niitakayo". Wavulana wengi, na wasichana si haba, walichagua jeshi, wakaeleza sare, viatu, bendi, hata namna kofia inavyokaa. Waliandika vizuri. Neno vita halikutokea katika daftari hata moja, ilhali jeshi letu lilivuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011, na wanafunzi hao wamekua wakisikia habari za waliorudi na wasiorudi.

Marekani inaonyesha hali nyingine ya jambo lilelile. Ilipoacha kuwalazimisha vijana kujiunga mwaka 1973, jeshi lake likawa mnunuzi mkubwa wa muda wa matangazo, likiwalenga walio katika shule za sekondari kupitia michezo na vipindi wanavyovipenda. Mwaka 2002 likatoa bure mchezo wa kompyuta uitwao America's Army, uliokadiriwa kufaa kwa wenye miaka 13 na kuendelea, katika nchi ambayo umri wa kujiunga ni 17 kwa idhini ya mzazi. Uingereza huchukua wenye 16. Angalia tofauti baina ya umri wa kutazama na umri wa kutia sahihi. Katika pengo hilo kijana hujengewa hamu, na siku anapofika mezani uamuzi mara nyingi umekwisha kufanyika.

Siku hizi pengo hilo limehamia kwenye simu. Mnamo Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kuhusu wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini na kwingineko, waliovutwa na matangazo ya mitandaoni yaliyoahidi kazi na masomo nchini Urusi, wakajikuta katika kiwanda cha Alabuga, Tatarstan, wakiunganisha droni za kivita. Wengine walidhani wanaenda kusomea huduma za hoteli. Aprili 2024 bweni lilikuwa limeshambuliwa na droni ya Ukraine. Katika tangazo lile hakukuwa na sare hata moja, na hilo ndilo linalolifanya liwe gumu zaidi kulisoma.

Sheria zetu husema nini? Kenya na Uganda zote ziliingia mwaka 2002 katika Itifaki ya Hiari ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita, na sheria za majeshi yao zimeweka miaka 18. Kwa Uganda jambo hili lina historia chungu. Jeshi la NRA lililoingia Kampala Januari 1986 lilikuwa na watoto wenye bunduki, nao waliitwa kadogo. Wanafunzi wa sarufi, lichunguzeni neno hilo. Kiswahili sanifu kingetumia ki- kwa udogo. Ka- ni ya lugha za bara, na ina mahaba ndani yake, kama mzazi anavyomwita kitindamimba. Neno hilo lilivuka mpaka mwingine likaingia Kongo, ambako mwaka 1997 kadogo wa Laurent Kabila waliingia Kinshasa.

Itifaki ile ilianza kutumika tarehe 12 Februari 2002. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Februari 2003, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, Thomas Lubanga, alitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, akasema na makuruta kuwatia moyo, na kamera ikarekodi. Video hiyo ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Majaji waliitazama, wakatazama nyuso za waliokaa mbele ya msemaji, wakaona kwamba baadhi yao walikuwa dhahiri chini ya miaka 15. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga alitiwa hatiani, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 14.